Zamu ya Kumwona Mzazi

Basi lilipoondoka, mshonaji alikuwa ameshapakata beseni la nguo za kichanga na kuanza kumsimulia bibi muuza mboga aliyeketi kando yake, ambaye hakumjua, mambo ya kikundi chao cha wanawake. "Mama, sisi tuko ishirini na wawili. Mmoja akijifungua tunapeana zamu: huyu anafua, huyu anapika, huyu anaogesha mtoto. Leo ni zamu yangu." Aliyasema kwa sauti ya kusikika nusu ya basi.

"Hongera, mwanangu. Mzazi mwenyewe anakaa karibu nawe?"

"Wapi! Mabasi mawili."

"Alaa! Basi majirani zako wanafaidi kweli. Hapo uani kwenu hakuna mzazi?"

Mshonaji akakohoa. Alikuwepo, mlango wa pili. Walikuwa wakisukana kila Jumapili, mpaka Jumapili ikawa siku ya kikao cha kikundi. "Yupo. Ila yeye si mwanachama."

"Kwani mtoto wake naye anadaiwa kadi ndipo aogeshwe?"

Abiria wa kiti cha mbele alicheka mpaka mabega yakatikisika. Mshonaji naye alicheka, uso ukimwaka moto.

"Huyo jirani yako kajifungua mtoto gani?" bibi akauliza, bila ubaya wowote.

Kwa miezi mitatu mtoto huyo alikuwa akilia ng'ambo ya ukuta wake. "Wa kike," mshonaji akabahatisha.

"Mashallah! Wamempa jina gani?"

Basi likasimama. Mshonaji akanyanyuka upesi, akaomba njia, akateremka kituo kimoja kabla ya chake.