Bibi Yangu Alishika Mashine ya Vyuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na baba, asifiwe na mama! Mimi ni Papa Neema wa Mabanga. Nilikuwa fundi wa kuunganisha vyuma, natengeneza milango na madirisha. Leo nataka niwaambie namna Mungu alinitoa katika shimo.

Wakati wa vita ya waasi, bomu ilianguka karibu na atelye yangu, pale nilifanyia kazi. Kipande chake kikanipasua mukono wa kuume. Daktari aliuokoa, lakini vidole havikushika kitu tena. Hata kijiko!

Ndugu zangu, mwanaume wa kwetu anafundishwa tangu utoto kwamba nyumba iko juu ya kichwa chake peke yake. Mukono ulipokufa, niliona na mimi nimekufa. Nilijifungia ndani. Watu wakija kuniona, bibi yangu, Mama Neema, anawaambia nimelala. Niliomba jambo moja tu: Bwana, nirudishie mukono.

Mama Neema alikuwa anauza makala ya kupikia barabarani, lakini watoto walilala na njaa. Ndipo kaka yangu mukubwa akafika na mutu wa kununua mashine yangu ya kuunganisha vyuma. Bibi akasimama mbele yake.

"Shemeji, hatuuzi. Nitafanya kazi mimi."

Kaka akacheka. "Mwanamuke na vyuma? Na bwana yako atafanya nini? Atapika majani ya sombe?"

"Akipika, nitakula." Kisha akanigeukia: "Papa Neema, ni mukono uliumia. Ile yote unajua iko bado kichwani. Ukae pembeni yangu, unionyeshe."

Wote wakanitazama. Niliogopa kaka, niliogopa majirani. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mufu. Nikasema, "Mashine haitoki hapa."

Haleluya! Ukombozi wangu ulianzia pale.

Kujifunza hakukuwa muchezo. Bageti, kile kijiti cha kuunganishia, iliganda kwenye chuma, cheche zikatoboa kitenge chake, na mimi napaza sauti: "Polepole, mama! Iende kama unashona!" Siku hiyo nilicheka, mara ya kwanza tangu bomu. Wateja wengine walipoona nani ameshika mashine, walichukua vyuma vyao wakaenda. Walisema nimelogwa.

Kisha mulima wa moto ukapasuka. Tulikimbia kuelekea Sake pamoja na umati wote. Mashine tuliifunga juu ya chukudu ya mbao ya magurudumu mawili, Mama Neema anasukuma. Mimi nilimubeba mutoto mudogo mugongoni, amefungwa kwa kitenge cha mama yake. Hapo Lac Vert, njiani, hakuna aliyenicheka, ndugu zangu. Kila mutu alibeba kile aliweza.

Tuliporudi, watu wa upande wa Kibati walikuwa wanajenga upya juu ya mawe meusi ambayo mulima uliyamwaga. Walitaka milango. Hawakuuliza nani ameitengeneza, mwanaume ao mwanamuke. Waliuliza kama inafunga. Ilifunga!

Leo mimi napima na kusemezana na wateja, yeye anaunganisha. Sombe napika kweli, na kaka yangu anaikula! Zamani, nikitoka kazini usiku, nilikuwa naona watoto wangu wakiwa wamelala tu. Sasa mutoto wetu Neema akiwa na huzuni, anakuja kukaa jikoni karibu yangu, ananieleza. Juzi malaria ilinilaza juma zima, na sikuwa na hofu kwamba nyumba itaanguka. Mama Neema naye haogopi tena kwamba nikifa, ndugu zangu watauza kila kitu na yeye atabaki anatazama.

Mukono wangu haukupona. Namushukuru Mungu hata hivyo, kwa sababu alinipa mutu wa kutembea naye, si wa kutembea nyuma yangu.

Baba uliyekaa hapa na mzigo umeufunga moyoni, mutumaini Bwana, na ukifika nyumbani umuambie bibi yako ile inakutisha. Mama, kama kuna kazi Mungu ameiweka katika mikono yako, usiifiche.

Mimi nakaa sasa. Mama Neema, simama, uje mbele. Ushuhuda huu ni wetu wawili, na nusu yake mimi sijui kuieleza.