Liste ya Nyakiriba

Wamama, wababa, munivumilie. Mulisema tusitaje majina hapa mu mukutano. Mi nitataja.

Nilijua kusoma nikiwa na mvi tayari, kwa darasa la wajane kule Nengo. Mwalimu wetu hakuita majina. Ukiingia unatupa haragi moja, mbegu moja ya maharage, mu kitunga, basi. Wakati wa kufunga anahesabu haragi. Darasa lilijaa mupaka mulangoni.

Bon, Faustin wa ofisi ya masomo akasema darasa kama hili lifunguliwe na kijijini Nyakiriba, na mi nisaidie. Hakumuuliza mwalimu wetu kitu. Akanipa bik ya kuandikia na kitabu: "Mama, andika kila mutu na kwao." Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilifurahi! Mi wa kutia kidole mu wino kila siku, leo naandika wengine.

Siku ya kwanza walikuja wengi. Mama mumoja, Verediana, akainama kwangu:

"We mama, hiyo liste ya majina inaenda wapi?"

"Ofisini."

"Kwa nani?"

Nikamucheka. "Unaogopa bik?"

Akatoka kama mutu anaenda choo. Hakurudi. Siku ya pili walikuja watatu. Ya tatu, mi na ubao.

Na mi najua liste! Watu wangu waliitwa kwa karatasi pale bariyeri ya barabarani, mumoja mumoja, hawakurudi. Na Nyakiriba siku zile waasi wanatafuta majina, askari wanatafuta majina. Niliwaza nini?

Faustin akaandika kwamba watu wa kule ni wavivu. Akapeleka vitabu mulima mwingine, na liste ile ile. Nako wakakimbia.

Kisha ofisi ikatuma dada mumoja aliyerudi kutoka Tanzania. "Shikamoo mama," akaniambia. "Nataka kujua Nengo mlifanya nini ambacho hakikuandikwa." Akakaa mu darasa letu la Nengo siku nyingi, anatazama tu, mupaka akauliza juu ya kitunga. Hapo ndipo nilielewa: haragi haina jina. Nikalia mbele yake.

Tukarudi Nyakiriba na haragi. Walikuja wanne. Nyumba ya Verediana imefungwa, majirani hawasemi alienda wapi. Nikamuuliza Faustin liste iko wapi. "Mu kabati, nafikiri." Anafikiri!

Namushukuru yule dada, na mwalimu wangu. Na mukitaka kubeba kitu kizuri kwenda kwingine, muulize kwanza wenyewe kinaendaje, hata vitu vidogo.

Wale wanne wanasoma sasa. Wengine tukikutana kwa soko wanageuza uso. Wako na haki.