Penaia Vakaruru, Mpwa wa Waidamu

Mchungaji, Mheshimiwa Meya, ndugu na jamaa, mimi ni Isikeli, mdogo wake marehemu, baba mmoja, mama mbalimbali, mniwie radhi nikigeuka kutazama mlangoni, maana yale mabenchi mawili ya mbele yaliyo wazi ni ya wajomba zake wa Waidamu, na desturi yetu mnaijua, kaburi la mtu halifukiwi kabla watu wa mama yake hawajatandika mikeka yao.

Marehemu Penaia Vakaruru alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 hapa Natokalau, wakati huo ikiwa mtaa mmoja wa maduka, kiwanda cha sukari, na klabu ya Waingereza ambayo baba yetu aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Mama yake, Mereoni wa Waidamu, kijiji cha ng'ambo ya mto, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, akazikwa kwao, na mtoto akalelewa na mjomba Naibuka. Kwetu Fiji mpwa hanyimwi kitu kwa wajomba, akitaka nguruwe ni wake, akitaka mtumbwi ni wake, na Penaia alideka kwelikweli, kifua cha kuku chake, watoto wa Naibuka wakinyonya mifupa.

Alisoma shule ya misheni Waidamu mwaka 1951 hadi 1958, akamalizia Suva mwaka 1963, akaajiriwa mwaka 1964 katika baraza la mji, na mwaka 1979 akawa Karani Mkuu. Tarehe 9 Desemba 1967 alifunga ndoa na shemeji Litiana, wakajaliwa watoto watatu, Salaseini, Waisea na Kelera.

Sasa nafika pale ambapo familia imeniambia nipapite haraka, nami sipapiti. Mwaka 1990 serikali ilisema Natokalau haitakuwa jiji bila kuongeza watu na ardhi, na ardhi iliyobaki ilikuwa Waidamu, iingie ndani ya mipaka ya mji kwa ridhaa ya wenyewe. Meya wa wakati ule, marehemu Munsami Goundar, alimwambia kaka, “Karani, mimi nikienda watanipa bakuli la kava ninywe kama mgeni na kunisindikiza mlangoni. Wewe ni mpwa wao bwana, nani atakunyima?” Kaka hakulala vizuri juma lile, lakini alikuwa anautaka huo ujiji kama sisi wote, tulichoka kuitwa watu wa mashamba ya miwa, akavuka mto na jino la nyangumi mkononi, lile tunaloombea jambo zito, akakaa chini mbele ya wajomba waliodhani amefuata nguruwe, akaomba kijiji.

Naibuka alilipokea lile jino, akauliza, “Penaia, hiki unakiomba wewe, au umetumwa?” Kaka akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, haki ya mpwa ni ya tumbo lake, haikopeshwi ofisi. Mzee akasema, “Basi chukua, kukunyima siwezi. Ila usirudi tena.”

Tukawa jiji tarehe 6 Julai 1991, kwa tarumbeta na bendera, kaka akiwa jukwaani na suti mpya, na kutoka ng'ambo hakuja hata mtoto. Kisha sheria za jiji zikavuka mto, nguruwe wakakatazwa, makaburi ya zamani yakafungwa, na Naibuka alipofariki mwaka 1998 alizikwa kando ya barabara kuu, mbali na wazazi wake, kaka akishuhudia kwa nje ya uzio. Aligombana na baraza juu ya makaburi yale mpaka alipostaafu mwaka 1999, hawakumsikiliza, na iliniuma kumwona.

Kisukari kiligundulika mwaka 2014, mwaka 2017 akakatwa mguu, figo zikafuata, na Jumatatu tarehe 5 Agosti 2019, alfajiri, alimuuliza shemeji kama Waidamu wameambiwa, akakata roho kabla hajajibiwa.

Hapa nimeandika kwamba upande wa mama haukuwakilishwa, lakini jamani, geukeni, sentensi hiyo naifuta, maana wamesimama mlangoni na mikeka yao. Karibu Seru, mtoto wa Naibuka, karibuni mkae.

Mmemsikia wenyewe, anasema, “Hatukuja kukaa, Isikeli. Tumekuja kumchukua. Shimo tumeshachimba, pembeni ya mama yake. Yeye alipoomba hatukumnyima, leo tunaomba sisi.” Ni katika makaburi yale yale yaliyofungwa, na Meya wetu huyu hapa, naona wote mnamtazama, hata mimi namtazama. Mama Meya, sema neno.

Anasema, “Leo Jumamosi, ofisi imefungwa. Mimi sijasikia kitu.”

Asante, mama. Basi kaburi la heshima tulilopewa na jiji libaki hivyo hivyo, na ukoo wa Vakaruru haupingi, mchukueni. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa baraza, na nyinyi wa Waidamu, nyinyi sijui niwashukuru vipi.

Kaka Penaia, wajomba wamekuita, inuka twende, ukapumzike kwa mama.