Swali la Kaka Lilikaa Juu

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni. Kaeni tu, na wa nyuma wasiponisikia wainue mkono. Miezi yote hii nimekaa kwenye benchi hilo la mwisho nikiwasikiliza wafiwa wenzangu. Leo ni zamu yangu.

Mnajua nafundisha chuo hapa mjini. Enzi zile intaneti ilikuwa bado ya kupanga foleni, nilitengeneza ukurasa wa kujadiliana kwa kompyuta. Watu wa mlimani na watu wa Chekereni, kule tambarare, walikuwa wakienda kwenye kibanda cha intaneti pale mtaa wa Soweto hapa mjini, wakabishana kuhusu maji ya mifereji bila kushikana mashati. Niliuwekea utaratibu mmoja: swali ambalo halijajibiwa linapanda juu kabisa, lisisahaulike. Nilijisifu kwa ujanja huo, jamani.

Kaka yangu alihamia Chekereni kulima mpunga. Akatuuliza sisi wa mlimani kwenye ukurasa ule: “Mkifunga maji huko juu wiki nzima, mpunga wetu unywe nini?” Hakuna aliyejibu. Malaria ikamchukua. Tukamzika nyumbani kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa.

Ndugu zangu, nawaambia, kila nilipofungua ukurasa ule, kaka alikuwa ameshafika. Jina lake na swali lake, juu kabisa. Nikaanza kuogopa kuwasha kompyuta. Ukaja mkutano wa wasomi, nikapangiwa kueleza utafiti wangu. Ukurasa ukaonekana ukutani mbele ya maprofesa, na swali likatokea kubwa kama mlango. Nilichukua mkoba nikatoka, sikurudi.

Mwaka mzima sikuigusa kazi ile, na usingizi ukanikimbia. Wenzangu wakanishauri nilifute swali. Sasa niambieni, jina la ndugu yako unalifutaje?

Siku nilipomweleza mama, tulikuwa tunamenya ndizi za mtori. Akaweka kisu chini. “Kwani aliuliza nini?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia.

“Mwanangu, hilo ni la baba zako wadogo. Wao ndio wanaofunga mfereji.”

Akawapelekea jani la isale, ambalo kwetu ukipelekewa huwezi kukataa kusikiliza. Wakaja, wakasimama kaburini, nikalisoma swali. Mkubwa wao akaliinamia kaburi, akamwambia kaka, “Jumatano na Jumamosi maji ni yenu. Tulipaswa kukujibu ukiwa hai.”

Nikashuka Soweto, nikaandika jibu lile chini ya jina lake. Swali likashuka. Mkutano uliofuata nilizungumza mpaka mwisho.

Namshukuru mama, baba zangu wadogo, na ninyi mlioniacha ninyamaze hadi nikawa tayari. Mkimtembelea mfiwa, msimwambie asahau. Muulizeni marehemu wake alikuwa anataka nini.

Lakini sitawadanganya. Hadi leo nikifungua ukurasa, macho yanaenda juu kwanza. Nakuta swali la mtu mwingine, na kila mara naumia kwamba si yeye.