Mama Stéphanie Zihindula, Mshonaji wa Dzaleka Aliyejitolea kwa Utafiti wa Dawa ya Saratani

Jumamosi tarehe 8 Juni 2013, mimi Honoré nilipeleka suruali iliyotoboka gotini kwa mshonaji mgeni katika soko la kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka. Ndiyo siku niliyomwona marehemu mara ya kwanza. Aliigeuza suruali, akaiangalia kwenye mwanga, kisha akaniangalia mimi.

“Hii suruali imezeeka kuliko mwenyewe,” alisema. “Nitaishona, lakini siku ya kwenda kwa bakwe, vaa ingine.”

Wateja walicheka. Sikujua kwamba wakwe wenyewe watakuwa ni yeye.

Mama Stéphanie alizaliwa tarehe 14 Aprili 1962 huko Walungu, Kivu ya Kusini. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, kisha akajifunza kushona kwa masista wa Bukavu. Tarehe 27 Agosti 1983 alifunga ndoa na marehemu baba Dieudonné, wakajaliwa watoto watatu. Baba alifariki mwaka 2009. Vita vilipozidi, mwaka 2012, mama alikimbia na binti yake mdogo, Olga, wakapita Tanzania mpaka Malawi. Hapa Dzaleka alishona sare za shule na nguo za kwaya, na nyingine alizipeleka sokoni Tsoka, Lilongwe. Wengi mliosimama hapa mmevaa kazi ya mikono yake.

Mwaka 2015 nilimwoa Olga. Kuanzia siku ya mahari, yule mama wa utani alininyamazia. Haikuwa hasira. Kwa desturi yetu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali: hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao. Yeye aliifuata desturi hiyo sawasawa.

Januari 2023 alianza kuugua. Mwezi wa tatu, kituo cha saratani Lilongwe kiligundua saratani ya mlango wa kizazi. Yeye mwenyewe aliagiza itajwe leo, ili wamama waende kupimwa mapema. Mwezi wa tano, waganga walimweleza kwamba kuna dawa mpya inayofanyiwa utafiti, ambayo ingeongezwa juu ya matibabu ya kawaida, na kwamba ana uhuru wa kukubali au kukataa.

“Kama munaijaribu kwangu,” aliuliza, “mi njo panya?”

Muuguzi wa utafiti, sista Mphatso, alijibu, “Hapana, mama. Panya haombwi ruhusa.”

Alicheka, akatia sahihi.

Olga alikuwa amejifungua mapacha kwa upasuaji, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza na kumtafsiria, maana Chichewa, lugha ya huku, nilikijua kwa kuuza bidhaa soko la Chilinde, Lilongwe. Hapo ndipo tulipokosea. Kila ziara sista alisoma maswali: damu inatoka, kiasi gani, maumivu yako wapi. Mimi niliangalia ukuta nikasema, “Mama, banauliza kama uko muzima.” Naye aliangalia sakafu akajibu, “Niko muzima, aksanti.” Tulifanya hivyo ziara tatu, kila mmoja akidhani anamheshimu mwenzake. Kumbe alikuwa akivuja damu kila siku.

Ziara ya nne, kipimo kilionyesha damu imepungua sana. Sista aliweka kalamu chini, akaniita bwana kwa Chichewa.

“Bambo, mimi nimeuliza maswali tisa, wewe umesema neno moja. Kiswahili chenu ni kifupi namna hiyo?”

Kisha alinieleza bila ukali: majibu yale ndiyo yanayowaonyesha waganga kama dawa inaponya au inadhuru. Tukificha, mama anaweza kufa, na wanawake watakaokuja baada yake wanaweza kudhurika. Ilinibidi niseme ukweli: yule ni mama mkwe wangu, na maneno yale hayapiti kinywani mwangu.

Ziara iliyofuata alikwenda na Mamy wa kwaya ya wamama, anayejua Chichewa vizuri kuliko mimi. Nilikaa nje kwenye benchi na mkoba. Walichukua saa nzima, na mara mbili nilisikia kicheko. Waganga walimwongezea damu, wakapunguza kipimo cha dawa, wakaendelea naye. Tangu siku hiyo mama hakuficha kitu. Alimwambia Mamy, “Kumbe kusema kunapunguza maumivu.”

Tulipata kukaa naye miaka miwili zaidi. Pasaka ya 2024 alicheza kwenye ubatizo wa mapacha, wakati mwaka uliotangulia hakuweza kusimama. Machi 2025 ugonjwa ulirudi, na waganga walimwambia wazi kwamba dawa ile haimsaidii tena. Aliwaomba waendelee kumpima kadiri inavyowafaa, kwa ajili ya wengine. Alifariki nyumbani, Dzaleka, Alhamisi asubuhi tarehe 11 Septemba 2025, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Tunamshukuru Mungu. Tunamshukuru sista Mphatso na waganga wote: zikomo kwambiri. Tunamshukuru Mamy, na wamama wa kwaya waliopika bila kuombwa. Marehemu ameacha dada yake Annuarite, watoto Raphaël aliye Lusaka, Gabriella aliyebaki Bukavu, na Olga, pamoja na wajukuu tisa. Mikono yake imetuvalisha vya kutosha. Sasa itulie kwa Bwana kwa amani.

Siku moja kabla mama hajafariki, Olga alitoka kuchota maji. Nilisimama mlangoni kama kawaida yangu. Mto wa kitandani ulikuwa umeteleza, na kichwa cha mama kimelala vibaya. Alifungua macho, akanitazama usoni, akasema:

“Ingia, mukwe. Weka kichwa yangu muzuri. Unaogopa nini, nitakukula?”