Mashua Yenye Ubavu Mnene

Ndani ya kivuko, muuguzi aliyeketi kando ya mgane mmoja, fundi mstaafu wa boti, alimwonyesha mashua ya mbao ufukweni, yenye alama nyekundu ya kuvunjwa kesho. "Nzuri, mzee, ila ubavu mmoja umevimba. Ndiyo maana inavunjwa kesho?"

"Niliuvimbisha mimi, mwanangu. Marehemu mke wangu alisema abiria hawajui kungoja. Wakiona gati, wote hukimbilia ubavu huo. Miaka thelathini mashua hiyo haikulala upande. Wakubwa wa ofisi ya vivuko wakaja na futi zao za kupimia, eti imepinda."

"Labda wanajua."

"Wanajulia wapi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Gati likaonekana. Abiria wakakimbilia kushoto, kivuko kipya cha wakubwa kikainama, maji yakalowesha viatu vya muuguzi.

"Ofisi yao iko mtaa gani, mzee? Lazima wasikie haya kabla ya kesho."

Mzee alikuwa bado ameketi, anatabasamu.