Bi. Kudra na Watoto Walioishia Neno la Nane

Tarehe 31 Julai 2025, Bi. Kudra Mnandi anafunga kabati lake la majalada hapa Kituo cha Tathmini ya Elimu, Lindi, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuhesabu. Katika hiyo, kumi na tisa nimemwendesha mimi, kwa hiyo uongozi haukukosea uliponipa kalamu niandike wasifu huu. Wapo wenye shahada zao hapa ofisini, siwadharau, lakini wao walimjua akiwa mezani. Mimi nimemjua akiwa barabarani, gari limezama kwenye tope na chai imekwisha kwenye chupa. Darasa la saba nililimaliza vizuri sana. Nisingekuwa na haraka ya kushika usukani, leo mngekuwa mnaniita daktari.

Aliajiriwa mwaka 1992 akiwa karani wa takwimu. Alipewa baiskeli isiyo na breki, akaambiwa akusanye mahudhurio ya shule kuanzia Mchinga mpaka Kilangala. Breki alizifunga mwenyewe kwa mpira, na mahudhurio aliyaleta kabla ya tarehe. Mwaka 2003 akawa Afisa Takwimu, mwaka 2012 akawa mkuu wa kitengo. Madaftari yake ya zamani bado yapo stoo, na mchwa waliokula madaftari ya watu wengine hawakuthubutu kugusa ya kwake.

Kuhesabu kwake hakukuwa kwa kawaida. Kuna siku tulipita karibu na shule moja upande wa Mchinga, mimi niko kwenye themanini, wanafunzi wamepanga mstari uwanjani. Alitupa jicho dirishani mara moja tu, akasema mia nne na kumi na wawili. Tukasimama. Mwalimu mkuu akaapa kwamba wote wapo, na daftari lake lina mia nne na kumi na watatu. Tukatafuta, na kweli mmoja alikuwa juu ya mnazi. Anayebisha aende akauangalie, mnazi wenyewe bado upo.

Kwa wageni wa fani hii, nieleze kidogo, maana mimi nimeisikia kwenye usukani kuliko wengine walivyoisikia chuoni. Utafiti wa elimu uko wa aina tatu: wa kiidadi, wa kimaelezo, na wa mseto. Mkulima wa korosho hahitaji semina kuuelewa. Mizani itakwambia gunia lina kilo themanini, lakini haikwambii ndani ya ganda kuna nini. Ukichukua kisu ukapasua korosho chache, utaona kama ni nzima au zimeoza, lakini kwa kisu peke yake hujui uzito wa mzigo. Mnunuzi mwenye akili huja na vyote viwili. Hapo nimemaliza mhadhara, na sijatoza ada.

Bi. Kudra alikuwa mtu wa mizani. Wa kisu alikuwa Mwalimu Cletus, aliyehamia kwetu mwaka 2011 na kinasa sauti chake, akikaa mikekani na akina mama mpaka miguu inakufa ganzi. Safari nzima walikuwa wakibishana nyuma yangu. Bi. Kudra alimwita mwenzake Babu Hadithi, kwa kuwa ukimuuliza ni wangapi anakuanzishia kisa cha shangazi wa mtoto. Cletus naye alimwita Bi. Jumla, akidai kwamba hata kwenye msiba angeuliza wastani wa waliolia. Mimi nilikuwa hakimu. Hukumu zangu hawakuzifuata, lakini zilikuwa sahihi zote.

Kisa kilichowapatanisha ni cha Agosti 2017, na bila kisa hicho wasifu huu haujakamilika.

Bi. Kudra alikuwa amepima usomaji wa darasa la tatu katika shule moja upande wa Kiranjeranje. Kila mtoto anaingia peke yake, anapewa kadi yenye hadithi ya mistari sita, anasoma kwa sauti kwa dakika moja. Mpimaji anashika saa na haruhusiwi kusema neno wala kutikisa kichwa. Mtoto akinyamaza sekunde kumi na tano, amekwisha. Kati ya watoto arobaini na wanne, thelathini na mmoja walishindwa. Bi. Kudra akajumlisha, akapata wastani, akatia sahihi. Kituo kikaandaa barua ya kupendekeza kwamba mwalimu wao, Bi. Zuwena, aondolewe kwenye darasa hilo na ahamishwe. Alikuwa amelishika miaka saba. Habari zilipomfikia, aliomba jambo moja tu: aachwe mpaka Desemba, watoto wasikae bila mwalimu katikati ya mwaka.

Siku ya kupeleka barua Kilwa Masoko tulikuwa watatu garini, bahasha iko mapajani mwa Bi. Kudra. Cletus, aliyekuwa amezungumza na wazazi wa shule ile, hakunyamaza tangu tulipotoka Lindi. Akina mama wote, alisema, wanadai watoto wao wanawasomea ujumbe wa simu na maandishi ya pakiti za dawa, iweje kwenye kadi washindwe? Bi. Kudra akachoka. Akafungua jalada, akatoa karatasi zenyewe za siku ile ili amfunge mdomo, mtoto mmoja mmoja.

Akaanza kuzipitia. Tulikuwa tumeshaipita Kiranjeranje. Nikatazama kwenye kioo nikamwona amekunja uso, kidole kinateremka kwenye safu ya maneno yaliyosomwa. Nane. Nane. Nane tena. Wote thelathini na mmoja waliishia neno la nane, na mstari wa kwanza wa kadi ile ulikuwa na maneno manane. Wastani ulikuwa umelificha jambo hilo, na wastani aliupiga yeye.

"Hawawezi kuchoka wote kwenye neno moja," akasema. "Abdulrahmani, geuza gari."

Niligeuza mahali ambapo hata mbuzi hugeuka kwa awamu. Tukafika shuleni kabla ya mapumziko. Bi. Kudra alijua kilichotokea lakini hakujua sababu, na kumwuliza mtoto sababu haikuwa kazi aliyoizoea, basi akamwachia Cletus. Cletus akakaa chini pamoja na binti mmoja, Naima, wakazungumza kuhusu mdogo wake, wakazungumza kuhusu kuku, ndipo akamwuliza kwa nini siku ile aliishia pale.

"Nilikuwa namsubiri bibi agonge," Naima akajibu, akimwonyesha Bi. Kudra.

Kumbe mwalimu wao wa chuo, wanakosoma Kurani asubuhi, ana fimbo ndogo. Mtoto akimaliza mstari anatulia, mwalimu anagonga mkeka, ndipo anaendelea. Kuendelea bila kugongewa ni utovu wa adabu. Bi. Zuwena alipoliona hilo zamani, naye akawa anagonga meza kwa kalamu, na darasa likaenda vizuri. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Wale kumi na watatu waliofaulu walikuwa wanasoma chuo cha ng'ambo ya barabara, kwa mwalimu asiyegonga. Na sasa amekuja mgeni mtu mzima, wamempa shikamoo, kaitikia marahaba, kisha katulia kimya na saa yake. Wao wakatulia na adabu zao, na saa ikawafelisha.

Pale pale Bi. Kudra akawapima upya wote thelathini na mmoja, akigonga dawati kwa kalamu kila mstari. Ishirini na sita walisoma kadi mpaka chini. Cletus akaanza kutamba, na nusura nimsaidie. Lakini Bi. Kudra akaendelea kuita majina. Watano waliobaki walisoma mstari wa kwanza vizuri kabisa, na walipogongewa wakakodoa macho. Walikuwa wameukariri dirishani wakiwasikiliza wenzao. Na mama zao ni miongoni mwa wale waliomhakikishia Cletus kwamba mtoto anasoma pakiti za dawa. Cletus akakizima kinasa sauti chake bila kuambiwa.

Barua haikufika Kilwa Masoko. Tulirudi nayo Lindi, na Bi. Kudra hakusubiri aitwe. Kwa miaka ishirini na mitano hakuwa amefuta namba hata moja iliyokuwa na sahihi yake. Aliingia kwa mkuu wa kituo bila kukaa, akaiweka bahasha mezani.

"Namba ni yangu na kosa ni langu," alisema. "Mwalimu yule abaki darasani kwake."

Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa pale nikisubiri ufunguo, nikasikia vizuri. Mkuu alimkumbusha kwamba ripoti ile imeshasambazwa. Akajibu kwamba basi atasambaza nyingine, na aliisambaza. Kwa mara ya kwanza ripoti yake ilikuwa na majina, yale matano, na Bi. Zuwena akabaki na wale watano kila alasiri. Mwezi wa kumi na moja Bi. Kudra alirudi na kalamu yake akawagongea. Walisoma wote. Bakari, wa mwisho, alichukua muda mrefu sana, na Bi. Kudra hakutazama saa.

Tangu hapo fomu zetu zina safu ya ngapi na nafasi ya kwa nini, na hakuna ripoti inayotoka bila yeye na Cletus kutia sahihi wote wawili. Wataalamu wanaita mbinu mseto. Mimi nilikuwepo lilipogeuzwa gari.

Kwa niaba ya watumishi wote, Bi. Kudra, ahsante kwa uangalifu wako, kwa ukali wako, na kwa siku ile uliyokubali kuonekana umekosea. Mwenyezi Mungu akupe afya na mapumziko yenye baraka huko Kilangala, na mikorosho yako izae mpaka mizani ilalamike.

Mwisho, taarifa fupi kwa wageni waalikwa. Bi. Zuwena alipelekewa kadi ya sherehe hii akaomba radhi: leo ni siku ya masomo, na saa nne ana kipindi cha kusoma na darasa la tatu. Tulipompa Bi. Kudra habari hiyo, alisema kiti cha Bi. Zuwena kisikaliwe na mtu, na kwamba zawadi nyingine hahitaji.

Abdulrahmani Likwata, Dereva Mkuu